Mstari Uliomruka Dada

Kaka yangu,

Shikamoo. Vipi afya, na lile jino limeacha kukusumbua? Sisi huku wazima. Mama amepona kikohozi, na sasa amerudia kazi yake ya kunigombeza kwamba sili. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika nusu. Kwa hiyo vumilia usome.

Kazi uliyoniachia hapa hospitali naiendesha. Programu yako ya kupanga zamu za gari la wagonjwa bado inachapa kazi, na kila nikiifungua nakuonea wivu. Ulivyoiandika, inachagua dereva, kisha inajiita yenyewe, kama mtu anayejituma tena, ichague muuguzi, inajiita tena ichague msaidizi, na kundi linalovunja kanuni inalitupa palepale, kabla halijakamilika. Sikuwa na sababu ya kuichokonoa.

Sababu aliileta Mama Pacha, yule muuguzi mwenzake na rafiki wa dada yetu. Alikuja ofisini amevimba kwa hasira, akaniuliza kompyuta yangu ina kisa gani naye, maana kila Breki akiwa zamu, anayekaa kando yake ni yeye. Breki unamjua, yule dereva, jina tulimpa kwa sababu breki zenyewe hazigusi. Siku hizi anaendesha huku anachati. Nilimtania Mama Pacha kwamba mashine haina chuki na mtu. Hakucheka. Alisema ana pacha wadogo nyumbani, na kila akipangwa na Breki huwaaga kana kwamba harudi.

Ili kumtuliza, niliiagiza programu ionyeshe kila kundi inalolitupa na sababu yake. Mengine yalitupwa kwa kuwa watu wake walikesha jana yake, mengine kwa kuwa wote ni wageni kazini. Ila kila Breki alipochaguliwa, dada yetu aliachwa bila sababu yoyote. Nikachimba ndani ya programu hadi nikaukuta mstari: dereva akiwa huyu, muuguzi yule arukwe. Uliuandika wewe, kaka. Na kwa kuwa wauguzi wa gari wamebaki wawili tu, mzigo wote ukamwangukia Mama Pacha.

Sikukasirika. Tangu baba afie barabarani, hata mimi dada akipanda gari moyo hautulii. Nilikwenda kwanza kwa mkuu wa magari, nikamwomba amwondoe Breki. Akanijibu kwamba Breki hajawahi kugonga hata kuku, na kwamba nirudi kwenye kompyuta zangu.

Basi nikamweleza dada. Akauliza ni nani amekuwa akipanda badala yake. Nilipomtajia, alilia kwa uchungu. Amesema nikuambie kwamba ungemuuliza kwanza, na kwamba akipangwa atapanda, na simu ya Breki ataishika yeye mwenyewe.

Sasa kaka, kaa kitako. Ule mstari nimeufuta. Leo asubuhi programu ilimpanga dada na Breki, nami nikaibandika ratiba ukutani kwa mkono wangu. Wametoka kumchukua mgonjwa na hawajarudi. Nakuandikia nikiwa dirishani, nasikiliza geti. Naamini nimetenda haki, na ninaogopa vibaya sana. Tangu waondoke nimeshaifungua ile programu mara kadhaa, vidole juu ya herufi, nikitaka kuurudisha mstari wako kwa ajili ya wiki ijayo.

Mama anakusalimu, hajui lolote, nami sitamwambia. Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu wote kwa niaba yangu. Ukinijibu, nigombeze upendavyo, lakini usinishauri niurudishe. Ukinishauri, nitakubali.

Ni mimi mdogo wako,
niliyerithi kiti chako