Kuku Anayeruka Kabla ya Kuambiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira! Kuku wa gemu langu karuka mwenyewe! Anatakiwa aruke mchezaji akibonyeza kitufe. Nimeandika funksheni, yaani kifungu cha maagizo chenye jina — nimekiita ruka — nikaiambia kompyuta ikitumie kitufe kikibonyezwa. Wapi! Gemu likifunguka tu, hewani. Ukibonyeza sasa, kimya.

Mwalimu wa kozi ya kompyuta kaja, kacheka mbele ya darasa. Eti Mama Kidoti, kuku wako kiherehere kama mwenyewe. Kaninyang'anya kibodi, kafuta kitu, kuku akatii. Kafuta nini? Hasemi. Eti nitaelewa mbele ya safari.

Jumanne, 4 Machi

Leo mwalimu kasema kazi aliyoigusa yeye si yangu tena! Jumamosi tunaonyesha magemu kwa mkuu wa chuo. Ambaye hakuandika mwenyewe haendi hatua ya pili ya kozi. Sasa nani alimwita aguse?

Nimerudisha yote kama yalivyokuwa. Kuku na kiherehere chake. Bora mbovu wangu.

Wifi anayenishikia mwanangu Kidoti kasema nilee kwanza mwenye miguu miwili. Nikamjibu na kuku anayo miwili. Tukacheka. Hasira haijaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!!

Asubuhi nilimwambia wifi, akilia mpe chupa. Kageuka, kamtia mtoto chupa mdomoni — mtoto anacheka zake! Nikafoka: wifi, nimesema AKILIA! Hapo hapo nikaona. Ndicho nilichoifanyia kompyuta. Kwenye mstari wa kitufe niliandika ruka na mabano mbele yake: ruka(). Mabano ni kuamuru ifanye sasa hivi. Jina peke yake ni kuikabidhi, isubiri.

Nimefuta mabano. Mimi. Kwa kidole changu. Kidoti wangu, mama yako si mjinga.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapa hapa darasani, la sivyo nitapiga mtu. Gemu langu liko ukutani, kubwa, wote wanaliona. Mkuu katoka kupokea simu, kasema nisibonyeze mpaka arudi. Kuku kasimama tuli. Nyuma wanacheka: limeganda hilo! Halijaganda — linasubiri!

Mwalimu anakuja, mkono mbele, eti anisaidie kidogo. Akigusa tu, si yangu. Kiganja cha kushoto nimekikinga juu ya kibodi, bila kuigusa.

Nimemwambia: Mwalimu, subiri uitwe.

Kasimama. Kuku naye kasimama. Mlango unafunguka, mkuu huyo —