Kengele Juu ya Magunia ya Pumba

Jumatatu, 4 Juni 1951
Kengele ya kanisa imefika! Imeshuka na treni ya Dar es Salaam, Baba, mchukuzi wa misheni, akaileta kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Kina mama wakasema isiguse udongo kabla ya kubarikiwa. Basi ikawekwa mdomo chini juu ya magunia ya pumba. Padre Raymundi akaigonga. Du! Kama mtungi mbovu. Akagonga tena — du! Akasema ina ufa usioonekana, na Baba ndiye aliyeiangusha njiani. Baba akaapa hakuiangusha. Padre akamwita mwongo, akamfukuza kazi palepale.

Jumanne, 5 Juni
Pelagia, mlangoni mwa darasa: "Karibu, binti wa mvunja kengele!" Wote wakacheka. Mimi sijibugi.
Jioni nimesoma kitabu cha sayansi. Chuma hulia kwa kutikisika; kikishikwa, mtikisiko hufa. Nikafunika bakuli la bati kwenye unga, nikaligonga. Du! Nikalining'iniza kwa uzi — ngiii! Mama akauliza bakuli lake limenikosea nini.

Jumatano, 6 Juni
Nimesema! Kwa Sista Imakulata, mwalimu wetu wa sayansi. Nimemwambia magunia ndiyo yanayoibana kengele, huenda haina ufa. Ameahidi kumwambia Padre aitundike.

Ijumaa, 8 Juni
Imetundikwa leo kwenye boriti ya mninga, darasa letu zima tukitazama. Fundi Masele aliogopa itaanguka, akaizungushia kamba za katani tumboni. Padre akagonga. Mlio mfupi, umekabwa.
"Umeona, Sista?"
Sijui sauti yangu ilitoka wapi. "Padre, kamba! Zimeibana tumbo! Ishikwe kichwani tu!"
Masele akacheka, "Haya, mwalimu," akafungua kamba, akaacha mnyororo wa kichwani.
Padre akagonga.
Ee Mungu wangu! Ililia, ikalia, mpaka mbuzi wakaacha kula. Haina ufa! Pelagia akanikumbatia. Padre akawa mwekundu, akaniambia nikamwite Baba arudi kazini.

Nimekimbia mpaka nyumbani Kanyenye. Moyo mwepesi! Baba yuko mlangoni, anashona hatamu. Nimemweleza yote. Ametabasamu, kisha akasema aliitwa mwongo mbele za watu, basi Padre aje mwenyewe amwombe radhi.
Mama anasonga ugali.
Naandika dirishani. Baiskeli inakuja — kanzu nyeupe, imekunjwa magotini. Padre anashuka.
"Tumsifu Yesu Kristo, Luhende."
Baba ameitikia. Hajainuka.