Mayai Waliyokukataza

Kijijini Tulia, Jumapili

Mjukuu wangu Mwende,

Hatujambo, babu yako anapalilia pojo. Unaniuliza kama mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa bila nywele. Hata wewe, na masomo yako yote!

Nilipobeba mimba ya baba yako, mama mkwe alinikataza vivyo hivyo. Siku moja nikamkuta nyuma ya ghala akimenya yai la kuchemsha.

"Na wewe, mama?"

"Kwani mimi nina mimba?" akanijibu. "Kuku ni watano, na nyinyi wake wa wanangu ni wanne. Mkila nyote, mimi nile nini?"

Imani yenyewe ilitoka hapo tu! Lakini jana nilifungua shajara ya mwaka uliozaliwa, nikasoma mwandiko wangu: "Leo nimemkataza mke wa mwanangu mayai." Nimejikasirikia mno.

Wewe kula. Mama yako nitamwomba msamaha mwenyewe.

Nyanya yako