Nyumba Isiyohesabu Mali

Mpanda, Jumatano

Mdogo wangu Zaina,

Assalaam aleikum. Sijui barua hii itakukuta jikoni au shambani, lakini najua itakukuta umesimama, maana tangu utoto hujui kukaa. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Shemeji mzima? Na wanao wanne, bado wanarefuka tu? Mama aliniambia kwenye simu kwamba goti limepunguza kuuma, lakini Mama hata akiwa hoi atasema hajambo, kwa hiyo shuka Manundu ukamwone kwa macho yako, kisha uniambie ukweli.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba Rukia yuko na gereji yake, anatengeneza magari ya watu huku akiwasimulia wenyewe lile atakalonunua yeye. Mimi bado nauza mchele sokoni. Mvua zimezidi mwaka huu, barabara ya mashambani imekatika mara mbili, na magunia yanafika yamelowa. Mteja anachota mchele kiganjani, ananusa, ananitazama usoni, anauliza bei, anaondoka. Siku nyingine nafunga meza bila kuuza hata debe moja.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu ningecheka. Mimi na wewe tukisikiana sauti tunacheka, tunaagana, halafu nabaki na lile nililotaka kusema. Safari hii naliandika kabla sijacheka: nakuonea wivu, Zaina. Haukuanza jana. Ila tangu nilipokuja kwenye harusi ya mwanao wa kwanza, wivu huo umekosa hata haya.

Unakumbuka mliponipakia kwenye pikapu, siku ya tatu baada ya harusi? Nilidhani tunaenda kuchuma mboga. Tukatoka hapo kwenu Kwedizinga, tukapita mahindi. Nikauliza, "Haya ya nani?" Ukasema, "Yetu." Tukaenda tena mwendo mrefu, nikauliza ya nani, ukasema, "Hayo hayo, dada, hatujayamaliza." Basi nikawa natazama dirishani. Tukafika kwenye lambo, lile alilochimbisha babu yake shemeji enzi ambazo chifu wao, Zumbe Sengoda, akisema neno nchi nzima inaitika. Ng'ombe wamejaa mpaka maji hayaonekani. Mzee mmoja wa Kimasai akanyanyua fimbo akakusalimu, "Mama, maji yako mazuri mwaka huu." Wewe ukamjibu, "Maji ya Mungu, baba." Ya Mungu, na ufunguo wa geti umefungwa kwenye pindo la kanga yako. Na kila kiangazi wafugaji wanawaletea ndama kwa ajili ya hayo hayo maji ya Mungu.

Halafu machungwa. Mimi hununua machungwa matatu nikagawa na watoto wa jirani. Ninyi mnayauza yangali mtini, malori yanakuja yenyewe kuyafuata, na wewe umekaa chini ya mti unamenya moja kwa kisu butu kana kwamba umepewa sadaka.

Lakini ni huko upande wa Korogwe nilikochoka kabisa. Ule mkonge tuliokuwa tukiupita utotoni tukienda kuokota kuni, umeota magugu, hauna mkataji. Watu walikuwa wakiicheka nyumba ya Zumbe kwamba imeng'ang'ania miiba wakati wenzao wameng'oa na kupanda mahindi. Hawakuung'oa. Walinyamaza nao miaka yote ile. Sasa nimeikuta mashine yao ya korona inakamua mkonge, inanguruma tangu asubuhi, nyuzi zimeanikwa nyeupe eneo zima, na shemeji anapita katikati kwa kandambili. Tukapanda mpaka Bungu, nikatetemeka kwa baridi huku nikionyeshwa iliki na miti ya mbao iliyotoka kwa bibi yake, yule Mshambaa. Nikasema moyoni, sasa wamekwisha, hapa ndio mwisho wa mali. Tukateremka Manundu, shemeji akasimamisha gari kwenye safu ya fremu za maduka akashuka kuzungumza na wapangaji. Fremu ya mwisho ndiyo aliyokuwa akishonea Baba. Miaka yote ile Baba amekaa kwenye cherehani yake ndani ya mali ya Sengoda, mimi nampelekea chai, sijui.

Tuliporudi, jirani yako akapita akauliza hali za mashamba. Ulikuwa umejifunga kanga iliyopauka, umeshika kile kikombe cha bati chenye kovu. Ukamwambia, "Tunajikongoja tu." Nilitamani kukufinya.

Maana neno la namna hiyo ndilo lililoniponza. Sijawahi kulisema hili waziwazi, acha leo niliseme. Mshenga wa akina Sengoda alikuja kwa Baba kuniposa mimi. Wewe hukuwemo hata kwenye mazungumzo. Mhina, huyu shemeji wa leo, alikaa nje kwenye benchi, suruali yake ina kiraka cha goti, nami nilimchungulia nikakiona kile kiraka kabla ya kuiona sura. Shangazi Mwanahamisi akauliza kama ilivyo desturi, "Kijana ana nini?" Mshenga akainamisha kichwa akasema, "Ana kajembe na afya yake." Nikacheka nyuma ya pazia. Mle ndani watu wazima wote walijua kwamba nyumba ile haihesabu mali yake mbele za watu, si ng'ombe wala shamba, tangu Zumbe wa kwanza. Kwao anayejihesabia anajiitia balaa. Shangazi alijua. Baba, mpangaji wao, alijua zaidi ya wote, na aliona haya kunieleza binti yake kana kwamba ananiuza. Mimi mtoto wa Manundu, niliyejua bei za madukani na nisiyejua adabu za wakubwa wa Handeni, nilituma jibu papo hapo kwamba siwezi kuolewa na jembe.

Mwezi haukupita, akaja Baba Rukia na redio yake na shati lenye kola. Alipoulizwa ana nini alihesabu mpaka Shangazi akaomba maji. Lori, nyumba ya bati, kiwanja. Lori lilikuwa la bosi wake. Nyumba ilikuwa ya kaka yake. Kiwanja nilikuja kukiona, mvua zikinyesha kinakuwa mto. Shati lilikuwa lake kweli, hilo simnyimi. Wala simlaumu mume wangu, amenitunza kwa alichonacho na hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini moyo haukatazwi kutazama upande wa pili.

Na wewe, siku ile ya posa, ulikuwa uani unamenya mihogo. Mshenga hakuondoka. Aliuliza kama kuna binti mwingine, ukajibu kutoka huko huko uani, bila kuitwa, "Jembe mimi naliweza." Zaina, swali moja lilinikaa kooni miaka mingi kuliko umri wa Rukia. Ndio maana siku ile ya fremu nilikuuliza: ulijua kwamba wana mali? Ukanijibu, "Nilikuwa nimechoka kulala kitanda kimoja na wewe." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini kwenye basi njia nzima mpaka huku nililigeuza jibu hilo, na ningekuwa na raha zaidi kama ungesema ulijua. Mtu aliyepanga namwelewa. Wewe uliokota tu.

Sasa niingie kwenye ombi lako. Siku ninaondoka ulinivuta chumbani ukaniambia, "Dada, nipe Rukia." Ukasema Mungu amekupa wavulana wanne na hakukupa wa kike, na kwamba zile fremu na shamba la machungwa shemeji ameziandika kwa jina lako, nawe unataka zibaki kwa binti wa tumbo la mama yetu, maana kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Aje akae, ajifunze, halafu ziwe zake. Nilikuambia nitamwuliza.

Sikumwuliza. Nikwambie nilichohisi pale chumbani? Nilifurahi. Sikufurahi kwa ajili ya Rukia, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba kuna kitu huna, na kitu hicho ninacho mimi, kimoja tu, kinakaa pembeni yangu sokoni kinapeta mchele. Umenizidi lambo, umenizidi mkonge, umenizidi hata baridi. Nikarudi Mpanda nikawa namtazama mwanangu kila siku na kusema kimoyomoyo, huyu hapati mtu. Miezi ikapita. Ukipiga simu nasema bado anafikiria, na mtoto mwenyewe hajui kuna la kufikiria.

Wiki mbili zilizopita shemeji alipiga, simu iko mkononi mwa Rukia. Akamwambia kwa upole wake ule, "Mwanangu, mbona hujatujibu? Mama mdogo wako anakungoja." Rukia akanifuata sokoni. Hakupaza sauti. Unajua hasira za huyu mtoto zinavyokuja kwa adabu.

"Mama, mama mdogo aliniita lini?"

"Siku nyingi."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema nitakuuliza."

"Basi niulize."

Nikamwuliza hapo hapo, nimeshika kopo la kupimia, wateja wawili wamesimama. Nikamwambia kila kitu, fremu, machungwa, jina lako kwenye karatasi. Akasema, "Nitaenda." Halafu akaniuliza, "Ungenificha mpaka lini?" Nikamjibu ukweli, kwamba mpaka wewe ungechoka kungoja. Akanitazama sana. Kisha akachukua kopo mkononi mwangu akawapimia wale wateja.

Kwa hiyo anakuja. Anapanda basi keshokutwa, na barua hii ataibeba mwenyewe kwenye mkoba, nitaifunga kwa gundi. Ni mchapakazi, ila ukimsimamia kichwani ananuna, mwonyeshe mara moja umwache. Kifua chake hakipendi baridi, mkipanda Bungu mpe sweta hata akikataa. Mfundishe kuzungumza na wenye malori, wasimwone mtoto. Usimfiche chochote kwa kudhani atajua mwenyewe, mimi nilifichwa kwa heshima na heshima ile imenigharimu. Na usidhani nimempa kwa sababu wivu umepoa. Nimempa kwa sababu niliona mwanangu anavyonitazama, nikaogopa kutazamwa hivyo mpaka nizeeke.

Nisalimie Mama mzazi wetu, mwambie ile kanga nitaituma. Nisalimie Shangazi Mwanahamisi, mwambie sina kinyongo naye, au mwambie ninacho kidogo. Shikamoo kwa mama mkwe wako. Msalimie bi harusi wenu mpya, na shemeji umwambie asinipigie wiki hii, nitashindwa kujizuia kulia na yeye hajui kubembeleza.

Limebaki moja, Zaina, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Najua kwetu mama mdogo naye ni mama, na wala hakuna kosa. Lakini mimi nakuomba. Rukia akuite mama mdogo, maneno yote mawili. Siku akijisahau akakuita mama, wewe usiitike. Endelea na kazi yako kama hukusikia, mpaka akumbuke.

Ni mimi dada yako,
Mwanaidi