Kinubi cha Masista na Ng'ombe wa Mahari

Mama Mshauri,

Nakusikiliza redioni kila wiki, leo zamu yangu imefika, na nakuomba unijibu mbele ya siku ya soko la Kitshanga, kwa sababu baada ya hapo mambo yatakuwa yamekwisha kuharibika. Bwana yangu Faustin anatunza kinubi, kile kikubwa cha kusimama chini, chenye pedali za kukanyaga, masista wazungu walikiacha kwa marehemu mama yake walipokimbia vita, wakamwambia akitunze mpaka watakaporudi, hawakurudi, na sisi kila tukikimbia kilibebwa mgongoni kama mgonjwa. Faustin alijifunza kukipiga mwenyewe, na sidanganyi, siku ya Yenga, Jumapili, watu wa kambi yetu ya wakimbizi wanawahi kanisani kwa ajili yake. Lakini nyuzi zilianza kukatika, akafunga kable za frein, zile waya za breki, za pikipiki, kila mtu akamsifu, na sasa ubao wa tumbo umevimba na kupasuka, pedali zimekwama, na hata kama hakuna anayekigusa tunasikia mbao zikilia. Fundi wa Goma ameona picha kwenye telefone, anasema atakiponya, ila atumiwe pesa kwanza. Basi Faustin anataka kuuza ng'ombe siku hiyo ya soko, na ng'ombe mwenyewe ni wa mahari ya kijana wetu Byamungu, wakwe walitoka Kirotshe wakamwekea mkono mgongoni, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, juu yake.

Nikamwambia, "Papa Byamungu, ukiuza ile ng'ombe, mutoto ataoa na nini? Ataoa na kable?"

Akajibu, "Bibi-arusi anaweza kungoja. Hiki njo kitu mama aliniachia."

Byamungu alisikia, hasemi tena na baba yake. Juzi wakwe walituma mtu kuuliza ng'ombe anaendeleaje, nikasema anakula vizuri. Mama, nimenoa panga. Faustin akienda shambani naweza kukipasua kuni, yote yaishe. Nitakuwa nimekosa?

Emérence, Masisi

Emérence,

Rudisha panga mahali pake. Kuni hizo zitaivisha maharagi ya siku moja, nawe utazijibia maisha yako yote.

Nakuhurumia, na sasa nakugombeza. Mnabishana kipi kina thamani zaidi, ng'ombe ao kinubi, kana kwamba vyote ni vya Faustin. Soma tena ulichoandika. Ng'ombe aliyewekewa mkono na wakwe, kasiksi ikanywewa, ni wa nani? Ni wa Kirotshe, kwenu anakula majani tu. Na masista walisema "tunza", hawakusema "chukua". Mume wako anauza mali ya watu ili atengeneze mali ya watu, halafu anaita jambo hilo kumpenda mama yake. Nawe unayetaka kuchoma amana umemzidi.

Papa Faustin, najua uko hapo karibu na redio. Kable ya frein imetengenezwa kusimamisha pikipiki kwenye mteremko. Wewe umeifunga kwenye ubao mwembamba, kisha unashangaa ubao ukipasuka. Leo, kabla ya kula, legeza kable zote kwa zamu, kidogo kidogo. Kimya hakitakiua kinubi, kable zitakiua. Tumbo kuvimba ni ugonjwa wa vinubi vizee, na huwa unatibika. Lakini chunguza shingo pale juu inapoungana na nguzo. Ukiona ufa hapo, gharama itameza kinubi chenyewe. Na fundi anayetibu picha asipewe hata kuku. Aje akiguse kwanza.

Emérence, peleka jambo hili kwa paroko, mbele ya kwaya. Wale wanaowahi kanisani ndio waseme kama kinafaa kutengenezwa, na wakisema ndiyo, nao watoe pesa. Wakikataa, kisimame kanisani kimya. Hakuna aibu. Faustin ana mdomo, aimbe.

Siku ya soko, ng'ombe asikanyage Kitshanga. Byamungu ashike kamba, baba yake atangulie njiani, wateremke pamoja hadi Kirotshe. Na wakwe wakituma tena mtu kuuliza habari ya ng'ombe, usimwambie anakula vizuri. Mwambie arudi kwao Kirotshe, atamkuta zizini.