Mimba Juu ya Baiskeli

Jumatatu, 2 Februari 2015
Unga wa fufu, mafuta, sabuni. Nusu saa kwenda, saa nzima kurudi. Kituo cha basi kimefukiwa na theluji. Baiskeli inapita pale walipokwangua. Vidole vimekufa ganzi.
Mimba ina wiki kumi na tatu. Hakuna anayejua, hata mume wangu, Baba Neema, kule mji wa mbali wa Columbus anakofanya kazi ghalani. Mbili zilizopita, baada ya kumzaa Neema, tulitangaza mapema. Zote zikatoka. Safari hii nanyamaza.

Alhamisi, 5 Februari
Mfuko wa nguo nyuma ya baiskeli, naupeleka kwenye mashine za kufulia. Upepo wa ziwani. Mama mkwe kasimama mlangoni.
"Mama Neema, hiyo baiskeli itakuua. Bon, haya, mimi nimesema."
Nimemjibu vibaya. Nina hasira, kwa sababu anasema kweli. Lakini nani mwingine ataenda?

Jumamosi, 7 Februari
Nimeanguka. Pale barabara ya Bailey, barafu chini ya theluji mpya. Basi likasimama hatua mbili kutoka kichwani mwangu. Dereva alishuka akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia niko sawa. Nikasukuma baiskeli hadi nyumbani.
Tumbo linavuta.

Jumapili, 8 Februari
Damu asubuhi. Kidogo, lakini damu. Sikwenda kanisani.
Mama mkwe naye hakwenda. Akaja kuketi kitandani kwangu.
"Ina miezi mingapi?"
Kumbe alijua tangu Noeli, nilipokataa sombe, kisamvu ninachokipenda. Nililia kama mtoto. Hakunikemea. Akampigia mchungaji atuletee gari.
Hospitali. Kungoja, kungoja. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mtanzania, Kiswahili kimenyooka. "Moyo wa mtoto unapiga, mama." Nikamwomba arudie. Mama mkwe akapiga magoti palepale sakafuni.
Nimempigia Baba Neema. Nikamweleza yote. Halafu yeye: "Baiskeli usipande tena." Nimekubali.

Jumatano, 11 Februari
Theluji tena. Damu imekoma. Natakiwa kulala.
Unga umeisha. Mama mkwe kavaa koti la mwanawe, kafunga kitenge juu yake, kaenda dukani kwa miguu. Nimekaa dirishani saa mbili nzima.
Amerudi, nyusi nyeupe. Kaweka unga mezani, kakaa na viatu vyake vyenye theluji.
"Donc, kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa unafanya kila wiki."
Nikainama, nikamvua viatu.