Wifi, Uvimbe Wako Hakuutuma Mtu

Wifi yangu Kabula,

Hali yako siiulizi, najua huko uliko shingo haikuumi tena. Sisi wa Mkolani wazima, tunakula. Kaka yangu, mumeo, kanenepa, na shati lake la kanisani siku hizi ni la mtumba, lina maandishi mgongoni ambayo hata mchungaji hajui maana yake. Viwanda vya minofu vimeongezeka kule ziwani. Nyama ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake, na mimi ndiyo nayakaanga hapa nje kutwa nzima. Ungesema, "Wifi, hata mifupa unaiuza kwa maneno." Kweli. Na nakuandikia kwa sababu ya hayo maneno yangu. Darasa la tatu nililiacha katikati, kwa hiyo soma polepole.

Ulipokufa niliumia, wifi, sijui nikwambieje. Nikataka awepo wa kulaumiwa. Siku ya tatu ya msiba, pale bombani, nikasema Bibi Minza, yule mzee jirani yako, ndiye aliyekutupia ule uvimbe. Nikasema alikuomba chumvi ukamnyima, akakushika shingo huku anacheka, na mwezi uleule uvimbe ukatoka. Chumvi ulimnyima kweli, ilikuwa imeisha. Shingo alikushika kweli, alikuwa anasifia shanga zako. Hayo mengine niliyaunga mwenyewe. Na macho yake mekundu nayo nikayatia humo. Unajua huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu akishaitwa mchawi, kinachofuata ni nini.

Nilisema kwa wanawake watatu tu. Jioni Mkolani yote inajua. Watoto wakaacha kumchotea maji. Mchicha wake wa kuuza ukawa unanyaukia kwenye beseni. Mwisho vijana wakarusha mawe juu ya bati lake, na mwanae akaja kumfungia mizigo amvushe kwa kivuko, aende akaishi Sengerema kwa watu asiowajua. Mimi nikakaanga samaki, nikanyamaza. Mimi, wifi. Kunyamaza.

Ndipo Leah wako akaja likizo. Yuko chuo, anasoma mambo ya viumbe, mrefu kama baba yake. Akanikuta nampaa sato magamba, nikamhadithia yote, nadhani atashukuru kumjua mbaya wa mama yake. Akaniambia, "Shangazi, mama hakutumiwa kitu na mtu."

Akanieleza mwili mzima umejengwa kwa seli, vidude vidogo huvioni kwa macho, vimebanana kama nyumba za Mabatini. Kila seli ina protini zimechomoza juu ya ganda lake, kama mikono, inashikana na jirani wa huku na wa huku. Ikishashikwa pande zote, habari inaingia ndani: panatosha, usizaliane tena. Ukijikata kisu, zile za pembeni zinakosa wa kushikana naye, zinazaliana mpaka zikutane, halafu zinaacha. Ndiyo maana kidonda kinafunga, hakigeuki kichuguu. Na iko mikono mingine inaiambia seli ielekee wapi. Nikamuuliza, kama magamba haya, yote yanavyolalia mkiani? Akacheka, akasema ya samaki hajayasoma, ila wale inzi wadogo wa ndizi mbivu wamechunguzwa sana. Iko protini ukiiharibu, hiyo moja tu, bawa la inzi linakua kupita kiasi na vinyweleo vyake vinalala ovyo, kila kimoja na upande wake.

Uvimbe wako hajui ni kitu gani kiliharibika, na hakutaka kunidanganya. Lakini anasema ni seli zako mwenyewe, ziliacha kusikia kwamba panatosha. Zilianzia humohumo shingoni. Hazikutoka nyumba ya mtu.

Nikasema, na yale macho je?

"Moshi wa kuni, shangazi. Hata yako yameanza."

Nikaenda kwenye kioo. Wifi, mekundu kama yake.

Asubuhi, bombani, nikatangaza mbele ya ndoo zote kwamba nilidanganya. Wakacheka. Mwongo akisema kadanganya, aaminiwe lipi? Basi mchana nikaenda kwa Bibi Minza mwenyewe. Mizigo iko mlangoni, imefungwa kamba. Nikapiga magoti, shikamoo hakuitikia, nikamwambia yote hivyohivyo. Akaingia jikoni, akatoka na ugali na dagaa wa chungu chake, akaviweka nje kwenye njia ya kutoka bombani. Chakula cha anayeitwa mchawi nani anakigusa? Nikala. Nikatafuna kwa raha, nikaomba mchuzi tena, wanawake wamesimama na ndoo kichwani.

Bibi akasema, "Sasa nenda kawaambie umeshiba."

Nikapita nyumba hadi nyumba, mpaka kwa wale vijana wa mawe na mama zao, Leah nyuma yangu na inzi wake wa ndizi. Siku ya tatu mwanae akafungua mizigo. Wapo wawili bado wanavuta watoto wao Bibi akipita, nawafanyia kazi.

Jumamosi tunakuja kukulimia kaburi, na Bibi Minza kasema nimpitie. Lala kwa amani, wifi. Nakuahidi huyu mzee atazeekea hapahapa, siku yake ikifika tutamzika Mkolani, na msibani hakuna atakayemsifu kunizidi mimi.

Wifi yako,
Mama Sifa